Mikataba ya ubia ifasiriwe kabla ya kutiwa sahihi

Neno "ubia" si geni katika Pwani yetu. Tangu jadi, wavuvi wa Gazi na Msambweni, mwenye mashua na wenye nyavu, walikuwa wabia: pato la siku liligawanywa kwa mafungu, na siku ambayo bahari ilikataa, kila mmoja alirejea kwake mikono mitupu. Mbia, kwa maana ambayo lugha imemjua, ni mtu anayeshirikiana na mwenziwe katika faida na katika hasara. Hilo la pili ndilo linalomtenga mbia na mdai. Mdai hana haja ya kujua iwapo ulipata samaki au hukupata. Siku ya ahadi ikifika, hubisha hodi.

Natanguliza maana hiyo kwa sababu neno hili sasa limepewa kazi kubwa kuliko ya mashua. Tanzania ina Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi tangu mwaka wa 2010. Kenya ilitunga yake mwaka wa 2013, ikaifuta na kuleta nyingine mwaka wa 2021, ingawa sisi hupenda kusema "ushirikiano" pale ambapo jirani zetu husema "ubia". Kiini ni kimoja. Kampuni ya kibinafsi hutafuta fedha, hujenga barabara, bandari, bwawa au mtambo wa umeme, hukiendesha kitu hicho kwa miaka 20 au 30, hujilipa kwa ada inayotozwa watumiaji au kwa malipo ya serikali, kisha hukirudisha mikononi mwa umma.

Sina ugomvi na mpango wenyewe. Serikali yetu imeelemewa na madeni, na barabara isiyojengwa ina gharama zake pia, hasa kwa mama mjamzito anayetolewa Vigurungani usiku wa mvua. Mwenye mtaji akijitokeza, asifukuzwe. Ninachouliza, nikiwa mwalimu wa isimu na si mwanauchumi, ni swali la lugha: mikataba hii huandikwa kwa lugha gani, husomwa na nani, na maneno yake humaanisha nini yanapofika Kinango?

Nimechagua Kinango kwa makusudi. Nchi hii ya Waduruma, kuanzia Kasemeni na Mwavumbo hadi Ndavaya na Mackinnon Road, ni kame, na miradi mikubwa huipita ikielekea mahali pengine. Reli ya zamani inapita Samburu, Taru na Mackinnon Road. Reli mpya inapita nchi hiyo hiyo, bila kituo cha abiria Taru wala Mackinnon Road. Bwawa la Mwache, ambalo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka wa 2014, liko katika ardhi ya Kinango, na watu wamehamishwa ili kulipisha. Lakini sehemu kubwa ya maji yake imekusudiwa Mombasa. Bwawa hilo ni mkopo wa serikali, si ubia, na ni vyema tusichanganye mambo. Hata hivyo, maji yakishapatikana yatahitaji kusafishwa, kusafirishwa na kuuzwa, na hizo ndizo kazi ambazo serikali za siku hizi huzitafutia wawekezaji.

Tena Kinango imekwisha kupitiwa na mkataba wa namna hii. Mwaka wa 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa muda wa miaka 25. Kampuni ilitarajiwa kuongeza mizigo, kukarabati njia na kulipa serikali hizi mbili ada. Mwaka wa 2017, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu malipo na malengo yasiyofikiwa, Kenya iliuvunja mkataba huo, na mwaka huo huo treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ikakoma. Mzee wa Taru aliyezoea kuiuzia treni hiyo mahindi ya kuchoma aliyaona matokeo yote kwa macho yake. Sidhani kama kuna aliyemwonyesha hata ukurasa mmoja wa maandishi yaliyoyaleta.

Wala jambo hili halikuanza na ulimwengu wa leo. Daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka wa 1931, na kampuni ya kibinafsi iliyoitwa Nyali Limited ikawa na haki ya kutoza ushuru wa kuvukia. Baadaye ukazuka ugomvi kuhusu iwapo magari ya jeshi yalipe au yasilipe, na kesi ikafika katika Mahakama ya Rufani mjini London mwaka wa 1955. Wanafunzi wa sheria wanaikumbuka kesi hiyo kwa ajili ya jaji Denning, aliyeifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni: ukihamishiwa udongo wa Afrika hauwezi kubaki vile ulivyokuwa kwao, na wahitaji kutunzwa kwa uangalifu. Mimi hunijia jambo jingine. Kesi ilikuwa baina ya kampuni na serikali ya kikoloni, kuhusu askari. Waliovuka kila asubuhi kutafuta riziki kisiwani hawakuwa upande wowote wa mkataba ule, si kama wabia, si kama mashahidi.

Tuyatazame basi maneno yenyewe. Katika mkataba wa namna hii, sehemu yenye uzito si ile inayoeleza urefu wa barabara au unene wa lami. Ni ile inayoeleza nani atabeba hasara endapo mambo yatakwenda kombo. Hapo Kiswahili chetu huanza kuyumba. Wengine husema "hatari", lakini hatari ni nyoka kwenye njia. Haina maana ya hesabu. Wenzetu wa Tanzania wameunda "vihatarishi", neno ambalo limeenea katika nyaraka za serikali yao. Mimi ningeridhika na maelezo marefu kuliko istilahi fupi isiyoeleweka: "hasara inayoweza kutokea na atakayeilipa". Mtu wa Kinango anayempa jirani yake mbuzi wa kumtunzia hujadili jambo hilo kabla ya kamba kubadilisha mikono. Mbuzi akiliwa na fisi, ni hasara ya nani? Akizaa, mwana ni wa nani? Watu wasiokwenda shule hata siku moja wanaweza kuketi chini ya mbuyu na kuyamaliza maswali haya kwa ukamilifu ambao wakili angeuonea wivu.

Chukua neno "dhamana". Serikali inapoidhamini kampuni, mwananchi hudhani ni heshima fulani ambayo taifa limepewa. Lakini neno hilo analijua vizuri sana kutoka kituo cha polisi na mahakamani. Anajua kwamba anayemdhamini mtu hulipa endapo mtu huyo atatoroka. Mwambie kwa maana hiyo hiyo ya mahakamani kwamba yeye, kupitia kwa Hazina, amemdhamini mwenye mtambo, na utaona jinsi atakavyovuta kiti karibu. Kuna na hati nyingine ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la upole mno, ambalo tafsiri yake sisisi ni "barua ya kuunga mkono". Ukilisikia jina hilo utafikiri ni barua ya chifu kwa mwanafunzi anayeomba msaada wa karo. Ndani yake, serikali huahidi kubeba gharama iwapo matukio fulani ya kisiasa yatauvuruga mradi.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kifungu kuhusu malipo ambayo mwenye mtambo wa umeme hulipwa kwa ajili ya kuwa tayari kuzalisha, umeme wake ukinunuliwa au usiponunuliwa. Wengi waliandika "malipo ya uwezo". Wengine "malipo ya upatikanaji". Tafsiri hizo si makosa, kwani kila neno limefuata neno, ila hakuna msomaji ambaye angeamka usingizini kwa kuzisoma. Msichana mmoja anayetoka Ndavaya akaandika: "ujira wa kukaa tayari". Darasa zima lilinyamaza, kisha likazuka bishano lililokula saa nzima iliyobaki. Je, mtu alipwe kwa kukaa tayari? Wapo waliosema ndiyo, kwani hata askari wa zimamoto hulipwa siku ambazo hakuna moto. Wapo waliosema kwamba ikiwa wazimamoto wamekodiwa wengi kuliko nyumba zilizopo, aliyewakodi aulizwe. Hayo yalikuwa mazungumzo ya raia. Nilikuwa nimefundisha kifungu hicho hicho miaka iliyotangulia, kwa istilahi zilizonyooka, bila ya mtu yeyote kuinua mkono.

Wala ujira huo si jambo la kubuni. Kenya imekuwa ikinunua umeme kwa mikataba ya aina hii tangu miaka ya 1990, na mmoja wa mitambo hiyo, ule wa Rabai wenye megawati 90, uko ng'ambo tu ya mpaka wa Kinango. Tazama pia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Kampuni ilisimamisha mitambo 365 na ikawa tayari mwaka wa 2017. Njia ya kuusafirisha umeme huo, ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ilikuwa jukumu la serikali, nayo ikachelewa hadi Septemba 2018. Kwa mujibu wa mkataba, umeme ambao haukuwasha hata taa moja ulilipiwa fidia ya mabilioni ya shilingi. Kampuni haikuvunja sheria yoyote. Ilitimiza sehemu yake na kudai haki yake. Ila mvuvi wa Gazi asingeuita uhusiano huo ubia.

Au tuichukue barabara ya juu ya Nairobi, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na ambayo kampuni ya Kichina itaiendesha kwa miaka 27. Ada yake kwa gari dogo kwa safari nzima ilikuwa shilingi 360. Januari 2024 ikapanda hadi 500, na sababu iliyotolewa ni kushuka kwa thamani ya shilingi yetu mbele ya dola. Maana yake ni kwamba hasara ya sarafu imewekwa upande wa msafiri. Baadaye mwaka ule ule shilingi ilipata nguvu tena. Je, ada inapaswa kushuka shilingi inapopanda? Jibu la swali hilo halimo katika hotuba ya waziri yeyote. Limo katika kifungu, na kifungu hicho dereva wa teksi hajawahi kukisoma katika lugha anayoiota.

Kuna kisa cha Dar es Salaam ambacho sipendi kukisahau. Agosti 2003, huduma ya maji ya jiji hilo ilikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wawekezaji kutoka Uingereza na Ujerumani, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja. Shauri likaenda hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa, ambao mwaka wa 2008 waliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini hawakuitoza fidia. Jambo linalonihusu mimi kama mtu wa lugha ni hili: katika miaka hiyo, fedha za msaada wa Uingereza ziligharimia pia wimbo wa Kiswahili wa kuusifu ubinafsishaji, pamoja na video yake. Wimbo ulikuwa wa Kiswahili. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Waliopanga mambo hayo walijua fika ni lugha gani inayofika kwa mwananchi, na walichagua ni ujumbe upi umfikie.

Miaka 20 baadaye, jiji hilo hilo lilitupa funzo tofauti. Tanzania na Dubai zilitia sahihi makubaliano kuhusu bandari mwezi Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia Juni 2023. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini vifungu vyake vilitoka vikafika vijiweni, na mjadala ukaendeshwa kwa Kiswahili kutoka misikitini na makanisani hadi mahakamani Mbeya. Neno "ukomo" likawa mdomoni mwa kila mtu: mkataba huu una ukomo au hauna? Mikataba ya utekelezaji na DP World ilipotiwa sahihi Oktoba 2023, serikali ilitangaza wazi kwamba ni ya miaka 30 na kwamba utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Siwezi kuapa kwamba kelele za vijiweni ndizo zilizoleta matangazo hayo. Ninachokiona ni kwamba serikali ililazimika kujibu swali katika lugha lililoulizwa. Ikumbukwe pia kwamba nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutunga, mwaka wa 2017, sheria ya kupitia upya "masharti hasi" katika mikataba ya maliasili. Istilahi hiyo, "masharti hasi", ni ya Kiswahili safi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaielewa bila kamusi.

Sisi huku je? Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinaipa serikali jukumu la kutangaza habari zozote muhimu zinazoligusa taifa. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishi wa umma katika mambo ya fedha. Ahadi ni nzuri, ila utekelezaji huja kwa kuvutwa. Ilibidi wanaharakati wa hapa Pwani waende Mahakama Kuu ya Mombasa ili kudai mikataba ya reli mpya, wakashinda mwaka wa 2022, na Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akatoa baadhi ya hati. Mwaka wa 2024 tulijua habari za pendekezo la kampuni ya Adani kuhusu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, la miaka 30, kwa sababu zilivuja. Baada ya migomo na kesi, Rais alitangaza tarehe 21 Novemba 2024 kwamba mpango huo umefutwa, pamoja na ule wa njia za umeme. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea watu wenye ujasiri wa kuvujisha karatasi.

Najua nitajibiwa kwamba mkataba wenye kurasa mia kadhaa hauwezi kutafsiriwa wote, na kwamba tafsiri mbili za hati moja huzaa kesi. Hoja hii ina uzito. Mimi mwenyewe nimeona jinsi kiunganishi kimoja kikikosewa kinavyoweza kugeuza wajibu kuwa hiari. Lakini hakuna anayeomba kwamba hati ya Kiswahili ndiyo iwe ya mwisho mahakamani. Tunaomba muhtasari wa kurasa 10, ulioandikwa na watu wanaoijua lugha na kuhakikiwa na mawakili, unaojibu maswali ambayo Mduruma angeyauliza kuhusu mbuzi wake: mkataba ni wa miaka mingapi, ada itaamuliwa na nani na kupanda kwa kipimo gani, shilingi au dola, serikali imedhamini nini, mradi usipopata wateja, nani atalipa, ukivunjwa, nani atamfidia nani, na siku ya kurudishwa, kitu kitarudi kikiwa katika hali gani. Siri za kibiashara za kampuni hazimo katika maswali hayo.

Walimu wenzangu wa sekondari wana sehemu yao. Katika isimujamii tunawafundisha wanafunzi sajili ya sokoni, ya matatu, ya mahakamani na ya hospitalini, na wanaijibu vizuri katika mtihani. Sajili ya mikataba ya umma iko wapi? Mwalimu wa Samburu au wa Lunga Lunga anayetafuta kifungu cha ufupisho achukue notisi yoyote ya serikali inayotangaza mradi, aipe darasa, na aliagize lieleze kwa maneno 80 nani atalipa na kwa muda gani. Darasa likishindwa, huenda kosa si la darasa. Na wale wanaofuzu tafsiri katika vyuo vyetu vikuu, ambao wengi wao hungoja kazi miaka nenda miaka rudi, wangeajiriwa na Idara ya Ubia iliyo chini ya Hazina ya Taifa kufanya kazi hii.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Mkataba wowote utakaopendekezwa kuhusu kusafisha, kusafirisha au kuuza maji ya Mwache, muhtasari wake wa Kiswahili uwekwe katika ofisi za machifu wa Kasemeni na Mwavumbo, katika shule zote za Kinango na katika bunge la kaunti mjini Kwale, siku 30 kabla ya kalamu kugusa karatasi, na watakaoitwa kwenye mkutano wa hadhara wauitikie wito huo wakiwa wameusoma.